Bwawa Lililojifungua

Katika nchi moja, ambayo jina lake tunalihifadhi ili wenyewe wasitutafute, kitu hakikuhesabiwa kuwa kipo mpaka kimefunguliwa. Kujengwa peke yake hakukutosha. Zahanati iliweza kusimama na paa lake, vitanda vyake na muuguzi wake, lakini kama mgeni rasmi hajaja kukata utepe, wagonjwa walilala barazani na muuguzi akawachoma sindano kupitia dirishani. Katika wilaya ya jirani kulikuwa na daraja zuri la zege, na watu walivua viatu wakavuka mto chini yake, wakifurahia kivuli. Hakuna aliyelalamika. Walijua siku moja daraja litafunguliwa, nao watapita juu kama watu wa nchi nyingine.

Kazi hiyo ilikuwa ya Wizara ya Ufunguzi, wizara kubwa kuliko Wizara ya Ujenzi, kwa kuwa kujenga kulikuwa kunakwisha lakini kufungua kulikuwa na foleni.

Bi Nyamizi hakuwa na habari na wizara. Aliishi bondeni, katika kijiji cha Ndololo, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo yeye na marehemu mumewe walifyatua kwa mikono yao mwaka ambao karanga zilikubali. Nyuma ya nyumba lilipita korongo liitwalo Msokoto. Wakati wa kiangazi korongo lilikuwa njia ya ng'ombe. Masika lilikuwa jambo jingine. Lilikwisha kuchukua jiko lake, likachukua choo, likachukua mbuzi mwenye mimba, na mwaka uliopita lilifika hadi kizingitini, likachungulia ndani, likarudi. Bi Nyamizi alielewa kwamba kilichobaki kuchukuliwa ni nyumba yenyewe. Aliipenda nyumba ile kuliko alivyowahi kusema mbele ya watu, na kila wingu lilipotanda aliogopa.

Kwa hiyo katika kila mkutano wa kijiji alisimama akaomba tuta la kuzuia mafuriko. Waliokuwa wakijadili madawati waliacha madawati wakamsikiliza, wakaguna, wakarudi kwenye madawati. Watoto walimwita Mama Tuta, na yeye aliitika.

Hatimaye tuta likajengwa. Hatujui ilikuwaje. Inasemekana fungu la fedha lilipotea njia likafika kijijini. Lilikuwa tuta dogo la udongo ulioshindiliwa, limepandwa nyasi, limekatiza korongo juu kidogo ya makazi. Chini yake lilipita bomba nene, na kwenye mdomo wa bomba paliwekwa lango la chuma, la kufungua na kufunga kwa kuzungusha usukani. Mhandisi aliyelijenga, kijana mpole, alimwita Bi Nyamizi akamwonyesha.

"Mama, hili si bwawa la kuweka maji. Kazi yake ni kuyachelewesha tu. Mvua ikinyesha, maji yatajaa hapa, halafu yatatoka bombani taratibu, yatapita kwako bila kukugusa. Lango liwe wazi siku zote."

"Siku zote," alirudia Bi Nyamizi.

"Siku zote, mama. Hilo tu."

Wiki ile ile kijana huyo alihamishiwa mbali, kwa kosa la kumaliza kazi kwa wakati.

*

Kisha ikaja Kamati ya Ukaguzi wa Kabla ya Ufunguzi. Iliongozwa na Bwana Fumbuka, Afisa Mfunguzi wa Wilaya, mtu mwenye sauti nene aliyevaa tai hata kwenye matope. Alilizunguka tuta, akapapasa nyasi, akaridhika. Alipofika kwenye usukani aliuliza mbona umezungushwa hadi mwisho.

"Lango liko wazi, mheshimiwa," alijibu Shigela, mtendaji wa kijiji.

"Liko nini?"

"Limefunguliwa."

Bwana Fumbuka alivua miwani. Wajumbe wakaacha kuandika. Mmoja wao, mama wa makamo, alimshika mwenzake bega.

"Limefunguliwa na nani?" aliuliza Bwana Fumbuka kwa upole, ule upole wa kutisha. "Unaniambia, mtendaji, kwamba bwawa la taifa limefunguliwa bila mgeni rasmi, bila utepe, bila hata kwaya?"

Shigela alikuwa na akili za kutosha kuona kwamba neno moja lilikuwa linatumika kwa mambo mawili. Alikuwa pia na akili za kutosha kutolisema. Lango likafungwa papo hapo na mgambo wawili walioushikilia usukani mpaka ukalia. Utepe wa rangi za taifa ukafungwa juu yake, fundo likapigwa lakiri, na pembeni likachomekwa bango: BWAWA HALIJAFUNGULIWA. NI MARUFUKU KULIFUNGUA. Shigela akapewa dhamana ya kuulinda utepe.

Yafaa kusema kwamba Shigela alikuwa amemwoa Kabula, binti wa pekee wa Bi Nyamizi. Na kwa mila za Ndololo, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hampandishii sauti, wala haketi naye mkeka mmoja. Kwa hiyo amri zote za serikali zilizomhusu Bi Nyamizi ziliambiwa kuku wake.

"Shikamoo, mama," Shigela alimwambia jogoo jioni ile.

"Marahaba, baba. Naona mmelifunga."

"Hatujalifunga, mama. Ni kwamba bado halijafunguliwa."

"Lilikuwa wazi."

"Lilikuwa wazi kimakosa."

"Na mvua ikija, mkwe wangu?"

Shigela alimwangalia jogoo kwa muda, na jogoo akaona aibu akaondoka. "Mgeni rasmi atafika kabla ya mvua," alisema, akimwambia kifaranga.

Bi Nyamizi aliwakusanya kuku wake. Alimpenda kijana huyu, aliyemwezekea jiko bila kuombwa, na mila iliyomfunga yeye ilimfunga na mama mkwe pia: hamtukani mkwe. Alimeza alichotaka kusema, kikamkaa kifuani.

*

Maandalizi yalikuwa makubwa. Mawe yote ya kando ya barabara yalipakwa chokaa, na miti ikapakwa hadi kiunoni, na ng'ombe mmoja aliyesimama mahali pamoja kupita kiasi naye akapakwa. Juu ya kilima, palipo pakavu na penye upepo, yalisimamishwa maturubai ya wageni, na viti vikapangwa vikiwa na majina yaliyobandikwa. Kwaya ya shule ilifundishwa wimbo wa kulishukuru bwawa kwa kukubali kujengwa. Wanafunzi waliuimba vizuri hadi masomo mengine yakasimamishwa.

Kilichokosekana ni Mfunguzi Mkuu mwenyewe, waziri wa wizara ile. Mara ya kwanza aliahirisha kwa sababu alikuwa ng'ambo akifungua semina. Mara ya pili alikuwa njiani kabisa, akapitia mahali kufungua kisima, na kisima kilipofunguliwa kikaonekana hakijachimbwa, ikabidi asubiri.

Wakati huo mawingu yalikuwa yamekwisha kuja. Yalikaa upande wa mashariki, meusi, bila haraka. Bwana Fumbuka aliyaona kutoka ofisini kwake, akachukua hatua, na siku hiyo hiyo redio ya wilaya ikasoma tangazo:

"Wananchi mnaarifiwa kwamba mvua za masika, zilizotarajiwa kuanza wiki hii, zimeahirishwa hadi baada ya sherehe za ufunguzi. Serikali inasikitika kwa usumbufu wowote. Wale waliopanda mapema wanakumbushwa kwamba pupa haijengi taifa."

Mvua haikuwa na redio. Ilianza Jumatatu.

Ilinyesha mvua nzito, ya kupiga bati mpaka watu wa nyumba moja wasisikilizane. Korongo likaleta maji, maji yakafika kwenye tuta, yakatafuta bomba, yakakuta limefungwa, yakatulia kusubiri itifaki kama wananchi wengine. Yakapanda. Kufikia siku ya pili nyasi za upande wa ndani hazikuonekana, na Bi Nyamizi, aliyekuwa akienda kuyatazama kila mara, alifunga khanga kiunoni akaenda ofisi ya kijiji.

Shigela alipomwona mlangoni aligeuza kiti kikatazama ukuta.

"Baba," alisema Bi Nyamizi, "maji yamekaribia juu."

"Nimeyaona, mama." Alichukua simu, akatoa mkono dirishani ambako mtandao ulipatikana, akabonyeza sauti ya juu ili asikie kutoka ndani. Kwa hiyo Bi Nyamizi alisikia yote.

"Mheshimiwa, maji yamejaa. Naomba ruhusa nifungue."

"Ufungue wewe?" ilisema sauti ya Bwana Fumbuka.

"Lango tu, mheshimiwa."

"Shigela, wewe ni Mfunguzi Mkuu?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Umevaa suti?"

"Nimevaa koti la mvua."

"Basi. Mheshimiwa anafika Alhamisi."

"Na maji yakipita juu ya tuta kabla ya Alhamisi?"

Zikasikika karatasi zikifunuliwa. "Kupita juu si kufungua," ilisema sauti. "Kupita juu kunaruhusiwa." Simu ikakatika.

Mvua iliendelea kupiga bati. Bi Nyamizi alisogea mpaka mezani, jambo ambalo mama mkwe hafanyi.

"Mkwe wangu, mimi serikali siijui. Najua nyumba yangu. Kauzungushe ule usukani, nami nitasema nimeuzungusha mimi."

"Watanifukuza kazi, mama."

"Watakufukuza. Nitawalisha, wewe na Kabula."

"Mkwe halishwi na mama mkwe," Shigela aliuambia ukuta, ingawa alitamani sana kukubali.

Bi Nyamizi alitoka. Siku ile alimchukia, wala hakuona haya kumchukia. Alipanda mwenyewe hadi kwenye tuta, akaushika usukani kwa mikono miwili, akauvuta. Mgambo wawili walimpa shikamoo, wakamwinua kwa heshima, mmoja kila upande, wakamshusha njiani. Akarudi bondeni akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wahame. Waliomwita Mama Tuta kwa utani hawakumtania. Walibeba magodoro, masufuria, watoto na mbegu, wakapanda kilimani, ambako palikuwa na mahali pamoja tu pakavu, chini ya maturubai ya wageni. Bi Nyamizi aliweka godoro lake chini ya meza kuu. Kuku wake mmoja alichagua kiti kilichoandikwa MKE WA MFUNGUZI MKUU, akataga.

*

Asubuhi, watu wakiwa wanakunywa chai kwenye vikombe vya wageni, maji yalipita juu ya tuta kama yalivyoruhusiwa. Lakini udongo haukuwa umearifiwa. Ulianza kumeguka upande wa nje, donge baada ya donge, ukakatika katikati, na kile kilichokuwa kimezuiwa kwa siku hizo kikashuka chote kwa mara moja.

Bi Nyamizi aliiona nyumba yake kutoka kilimani. Ilisimama maji yakiwa madirishani, ikasimama tena kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno, halafu ikapiga magoti. Yeye hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha Mfunguzi Mkuu, akajifunika khanga usoni, akalia kilio chake chote pale, na Kabula akakaa chini akamshika miguu.

Hakufa mtu. Hilo halikuandikwa kokote, kwa kuwa kuokolewa na Mama Tuta hakukuwa kwenye bajeti.

Shigela alisimama kando na simu yake. Ilimpasa kutoa taarifa, naye alikuwa anatafuta neno. Akisema bwawa limebomoka, basi yuko aliyelijenga vibaya, na aliyelijenga ni serikali. Akisema limefunguliwa, basi yuko aliyelifungua, na mlinzi wa utepe ni yeye. Alihitaji kitenzi kisicho na mkosaji ndani yake. Alikipata.

"Mheshimiwa," alisema, "bwawa limejifungua."

Upande wa pili ilisikika kalamu ikifunguliwa.

"Lini?" aliuliza Bwana Fumbuka.

"Asubuhi hii."

"Salama?"

Shigela alitazama bondeni. Maji yalikuwa yanatulia kila mahali yalipokuta shimo: uwanja wa mpira, ghala la chama, na pale palipokuwa na nyumba ya mama mkwe wake, ambapo dimbwi lilikuwa kubwa kuliko yote, limeshikwa na vifusi vya kuta.

"Salama, mheshimiwa."

"Watoto wangapi?"

"Bado tunahesabu."

*

Nchi ilifurahi. Hakukuwahi kutokea bwawa la kuzaa. Ujumbe wa pongezi ulifika kwa gari la wizara ukiwa na khanga, sabuni za watoto, poda, na mkunga wa hospitali ya wilaya aliyevaa glavu tayari. Madimbwi yalitembelewa moja baada ya jingine, yakapimwa, yakaandikishwa kuwa mabwawa, na jioni wilaya ikawa inaongoza kwa mabwawa nchini. Tuta lenyewe, yaani mabega yake mawili yaliyobaki, liliandikwa kuwa mzazi aliye likizo.

"Mataifa mengine hujenga mabwawa," alisema Bwana Fumbuka mbele ya kamera, tai ikiwa na matope. "Ya kwetu yanazaana."

Dimbwi la kwa Bi Nyamizi, kwa kuwa lilikuwa la kwanza kutoka na kubwa kuliko wenzake, lilitambuliwa rasmi kama kifungua mimba. Likazungushiwa utepe. Likawekewa bango: BWAWA HALIJAFUNGULIWA.

Sasa chini ya dimbwi lile yalikuwapo matofali. Tofali la kuchoma haliyeyuki, na Bi Nyamizi alijua kwamba maji yakiondoka ataokota yaliyo mazima, na kwa hayo ataanza nyumba kilimani. Yakikaa, matope yatayafunika, na yeye umri wa kufyatua mengine ulikwisha kupita. Kuyatoa maji haikuwa kazi kubwa. Mfereji mfupi tu, kutoka dimbwini hadi korongoni, na jembe analo. Alikwenda nalo asubuhi. Shigela alikuwa pale akilinda utepe.

"Mama, kifungua mimba hakijafunguliwa," alimwambia kuku pekee aliyesalia baada ya maji, aliyekuwa amemfuata Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi hakukasirika. Aliegemea jembe. "Na kikishafunguliwa, baba?"

"Kikishafunguliwa kitakuwa kimefunguliwa."

"Na mtu akikikuta kimefunguliwa, akaendeleza pale walipoishia wakubwa, ana kosa?"

Shigela alifikiri. Macho yake yaliinuka kutoka kwa kuku, yakafika kwenye magoti ya mama mkwe wake, mahali ambapo hayakuwahi kufika tangu aoe.

"Sheria haisemi, mama."

"Basi mwambieni mgeni wenu aje."

*

Alikuja. Msafara ulikuwa mrefu, na gari la mwisho lilikuwa bado linatoka mjini wakati la kwanza linaegeshwa. Bwana Fumbuka alitaka meza kuu iwe karibu na maji, jua likiwa nyuma ya kamera, na aliyepanga viti ni Shigela. Alivipanga kwenye ardhi tambarare kati ya dimbwi na korongo, akatandika zulia jekundu moja kwa moja kutoka kwenye utepe hadi ukingoni mwa korongo. Wengine walisifu jinsi lilivyonyooka. Bi Nyamizi aliliangalia zulia lile, akamwangalia mkwe wake, ambaye alikuwa anawatazama bata wa jirani. Hasira yake kwake ikaisha hapo.

Yeye alikuwa ameteuliwa kuwa mwakilishi wa wanufaika, kazi yake kushika sinia la mkasi.

Mfunguzi Mkuu alikuwa mtu mfupi mwenye mikono laini, iliyozoea mikasi. Alishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, zamani mlikuwa mnayafuata maji. Leo serikali yenu imeyaleta mpaka nyumbani." Makofi. "Si mpaka mlangoni. Mpaka ndani." Makofi zaidi, yakiongozwa na wizara. "Na mimi, kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi kwamba bwawa hili, kuanzia sasa hivi, limefunguliwa."

Mkasi ukakata. Kwaya ikaanza. Bi Nyamizi aliweka sinia chini bila kishindo, akafunua pindo la zulia, akatoa jembe, akapiga.

Mgambo wawili waliruka kutoka nyuma.

"Mwacheni," alisema Shigela. Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu. "Limekwisha kufunguliwa. Mmemsikia mwenyewe."

Mgambo wakamtazama Mfunguzi Mkuu. Mfunguzi Mkuu akamtazama Bwana Fumbuka. Bwana Fumbuka akaangalia utepe, uliokuwa umekatika kihalali kabisa, vipande viwili. Hakuna aliyekuwa na kanuni ya kukataza kitu kilichofunguliwa kisifunguke, kwa sababu jambo hilo halikuwahi kutokea.

Jembe likapiga tena, na tena. Ukingo ukalegea, na maji yakaondoka. Yalifuata zulia kama wageni wengine, yakapita chini ya meza kuu, yakabeba viatu, maua na ratiba, yakamwagika korongoni. Mfunguzi Mkuu alipanda juu ya kiti, akapiga makofi kwa dhati.

"Hii nimeipenda," alimwambia mkewe, aliyekuwa juu ya kiti kingine. "Wenzao huwa hawaonyeshi kwa vitendo."

Msafara ulipoondoka, matope yalikuwa yamebaki na dimbwi halikuwapo. Kwanza lilitokea jiwe la kusagia. Kisha fremu ya mlango. Kisha matofali, mekundu, mengi, yamelala ovyo lakini mazima. Bi Nyamizi aliingia hadi magotini, akainua moja, akalifuta kwa khanga yake, akalishika hivyo kidogo. Alifurahi mpaka akaogopa kufurahi.

Shigela alivua viatu na koti, akaingia. Alisimama bega kwa bega naye, jambo ambalo mila haijaliruhusu, akamtazama usoni.

"Samahani, mama," alisema.

"Shika upande ule, baba," alisema Bi Nyamizi. "Yale ya chini ni mazito."

Nyumba ilijengwa kilimani, pale yalipokuwa maturubai, ndogo kuliko ile ya kwanza. Tuta bado liko likizo ya uzazi. Siku bati la mwisho lilipopigiliwa, Bwana Fumbuka alimtuma mjumbe kwa pikipiki kusema kwamba jengo lisikaliwe mpaka litakapofunguliwa. Mjumbe alimkuta Bi Nyamizi amekwisha kupika, anaosha sufuria. Alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha chai, mjumbe akasema ana haraka. Bi Nyamizi akamshukuru kwa kuja, akaingia ndani, akafunga mlango.